Presha ya Kuazima

Jumatatu, 4 Machi

Msomaji wa meza ya nne ameinua kichwa saa nne na robo, akatazama huku na huku, kisha akanikazia macho mimi. Nina hakika amesikia moyo wangu. Chumba cha kusomea kiko kimya kama kaburi, na kazi yangu, mimi mkutubi msaidizi, ni kuulinda ukimya huo. Nitaulindaje na ngoma inapigwa ndani ya blauzi yangu?

Chanzo ni fomu. Baada ya miaka miwili ya mkataba wa muda, chuo kinataka kuniajiri moja kwa moja. Barua ni nzuri, ina muhuri. Ila fomu ya afya lazima irudi kabla ya Ijumaa tarehe 15, na presha isizidi 140 kwa 90. Ikizidi, nafasi inakwenda kwa mwenzangu wa dawati la kuazimishia vitabu. Yeye ameshapimwa. Mia na kumi kwa sabini. Najua kwa sababu amemwambia Mkuu wa Maktaba, mfagizi, fundi wa taa, na mimi mara tatu. Humu shajarani ataitwa Mia na Kumi.

Saa sita nimekwenda zahanati ya chuo. Muuguzi ana koti jeupe na mikono ya baridi. Mkanda ukabana, kiganja kikalowa, vidole vikaanza kufa ganzi. 168 kwa 104. Akauliza kama nimepanda ngazi. Zahanati haina ngazi. Nikasema ndiyo, nyingi.

Akaniambia nirudi Ijumaa, nipumzike, nisiwaze. Nisiwaze! Mtu mwenye shahada mbili aache kuwaza kwa siku nne.

Jumanne, 5 Machi

Nimeamka na maumivu upande wa kushoto wa kifua. Moja kwa moja hadi rafu ya 616, magonjwa ya moyo. Kufikia saa tatu nilikuwa na magonjwa sita, mojawapo huwapata watoto wachanga tu. Mkuu wa Maktaba akanikuta nimekaa sakafuni, kidole shingoni, midomo ikihesabu. Akauliza nafanya nini. Nikasema nahakiki rafu. Akasema rafu hiyo ameihakiki yeye, na kuanzia leo nikitaka kitabu cha humo nimwombe kwa maandishi.

Jioni nimegundua maumivu yanatoka kwenye mkoba. Tangu Jumamosi nimekuwa nikibeba begani juzuu mbili nene za magonjwa ya moyo.

Njama ya kwanza: pumzi. Kitabu kinasema vuta kwa hesabu ya nne, zuia kwa saba, toa kwa nane. Nikaona kama hiyo inasaidia, mara mbili yake itasaidia mara mbili. Nane, kumi na nne, kumi na sita. Nimezinduka nimekumbatia kitoroli cha vitabu vilivyorudishwa. Mia na Kumi alikuwa ananipepea kwa jarida la takwimu, akisema pole shoga yangu, pole sana, kwa sauti iliyofika mpaka ofisini kwa Mkuu. Katika chumba cha kusomea! Kwa kawaida hapo ningemwandikia onyo.

Jumatano, 6 Machi

Nimefikiri kwa utaratibu. Nyumbani, kwa mashine tuliyoazima kwa jirani, napata 121 kwa 77. Zahanati, 168. Mkono ni uleule. Kwa hiyo tatizo ni koti jeupe. Na mtu huzoea anachokiona kila siku.

Mama alikuwa mwalimu wa kemia mpaka alipostaafu, na koti lake la maabara bado limetundikwa nyuma ya mlango, lina doa la kijani. Nimemwomba alivae, anipime, ajifanye muuguzi. Alikubali haraka kuliko nilivyotarajia. Akavaa na miwani. Akachukua kalamu na karatasi. Akaanza: jina, umri, kazi. Vizuri. Kisha akauliza kama nimeolewa. Nikamwambia Mama, unajua sijaolewa. Akasema hapa hakuna Mama, hapa kuna muuguzi, na muuguzi lazima aandike kila kitu. Akauliza nina mpango gani. Akauliza yule kijana wa idara ya ramani aliishia wapi.

172 kwa 106. Sasa naogopa koti jeupe hata nyumbani.

Kaka alikuwa kwenye kochi muda wote huo, macho yamefumbwa, miguu juu ya meza. Kaka ana miaka thelathini na tatu, anauza matairi, na utulivu wake ni kama samani ya nyumba hii: wageni wanaonyeshwa. Tangu utotoni nimeambiwa nijifunze kwa kaka yako. Mama akataka kumpima naye. Bila kufumbua macho akasema sijawahi kusikia mtu aliyelala akiamshwa aulizwe kama amelala vizuri. Mama akacheka mpaka miwani ikadondoka. Mimi nikisema jambo kama hilo naambiwa nina kiburi.

Ijumaa, 8 Machi

Zahanati, mara ya pili. Nimekwenda na Mama, na masikioni sauti ya mvua ya kutuliza kutoka kwenye simu. Katikati ya kipimo simu ikaishiwa chaji, mvua ikakatika ghafla, nikaruka. 170 kwa 104. Mama akamwambia muuguzi kwamba mkanda wake umefungwa kama mzigo wa kuni, na kwamba yeye amefundisha vipimo kwa miaka thelathini. Muuguzi akamwomba asubiri nje. Mama akasubiri nje, lakini kwa sauti.

Kelele zikamleta Daktari. Mwanamke mfupi, hana haraka. Akanisikiliza kifua, akanipima moyo kwa zile waya, akasema moyo wangu hauna kasoro aliyoiona. Akanieleza kwamba hofu peke yake inaweza kufanya yote haya: moyo kwenda mbio, ganzi, jasho, pumzi kukatika. Kwamba mwili haudanganyi, unatii tu. Nimeyaandika yote. Nimepigia mstari neno “aliyoiona”. Ipi hakuiona?

Jumatatu nitafungwa mashine ndogo ya kiunoni yenye mkanda wa mkononi, inapima yenyewe kila nusu saa, mchana na usiku. Wastani ukiwa mzuri, atatia sahihi. Nimepewa na karatasi ya kuandika kila ninachofanya. Hiyo angalau naiweza.

Jumatatu, 11 Machi

Mashine inanguruma. Hawakuniambia kwamba inanguruma. Kila nusu saa inajaza upepo, mrrrrrr, kisha inapumua kama mtu aliyekatishwa tamaa. Saa tatu, msomaji wa meza ya nne akatazama dari. Saa tatu na nusu akatazama chini ya meza. Saa nne akaja kaunta kuniarifu kwa heshima kwamba kuna mnyama kwenye rafu za historia.

Saa saba Mia na Kumi akaja kukaa karibu yangu, akasema kwa upole kwamba kazi si kitu, afya kwanza, na kama Mungu amepanga nafasi iende kwa mwingine, nisiumie. Hapo hapo mrrrrrr. 171. Nimeiona kwa macho yangu kwenye kioo kidogo. Kwenye karatasi nikaandika: saa saba, nazungumza na rafiki.

Mia sabini na moja! Wastani umekufa. Nikahesabu: nikipata usiku wa mtu mtulivu, mtulivu kupindukia, wastani utafufuka. Namfahamu mtu mmoja tu wa namna hiyo, na analala chumba cha pili.

Saa kumi na mbili jioni nimemfungia Kaka mashine. Aliuliza atapata nini. Nikasema nitampigia pasi mashati mwezi mzima. Akasema na suruali. Nikakubali. Akajilaza kwenye kochi, akafumba macho papo hapo, mkono wenye mkanda kifuani, kama mfalme aliyezikwa na mali yake. Nami nimejaza karatasi: saa moja, nasoma. Saa mbili, natafakari. Saa tatu, nimelala fofofo.

Ni njama bora kuliko zote nilizowahi kubuni. Haimdhuru mtu.

Jumanne, 12 Machi

Nimelala saa tisa mfululizo. Sikumbuki lini mara ya mwisho. Asubuhi nimemvua Kaka mashine, nimemshukuru, nimeirudisha zahanati nikitembea kwa madaha.

Saa nane Daktari amepiga simu. Akasema niache nilichoshika, niende sasa hivi.

Alikuwa na karatasi ndefu mbele yake. Hakutabasamu. Akasema mchana wangu haukuwa mbaya, wastani 129 kwa 81, kile kipimo cha saa saba ni kimoja tu na hakimtishi. Ila kuanzia jioni kuna jambo linalomshangaza. Presha inapaswa kushuka mtu akilala. Yangu imepanda: 176, 179, 181. Usiku kucha haikushuka hata mara moja. Akasema hii si hofu ya koti jeupe, hii inahitaji dawa leo, na fomu haiwezi kutiwa sahihi.

Nilifungua mdomo kulalamika juu ya fomu. Kisha nikaelewa ile namba ni ya nani.

Nitaandika ukweli kwa kuwa hii ni shajara. Kwa muda wa kama nusu dakika nilitafuta njia. Nilifikiri nichukue dawa, nimpe Kaka kwa siri ndani ya chai, nirudi kupimwa mwezi ujao. Halafu nikamwona Kaka kwenye kochi, macho yamefumbwa, na 181 inapita ndani yake kimyakimya, nasi sote tunamsifu.

Nikasema. Nikasema yote bila kupumua: kochi, pasi, mashati, suruali, kutafakari kwangu kwa uongo. Kwamba najua nimedanganya, kwamba fomu aichane, lakini kaka yangu ana baba aliyefariki ghafla na baba huyo alikuwa wangu pia, na kwamba yupo dukani sasa hivi anainua matairi ya lori, na mtu amwambie aache kuinua. Sikumbuki kila neno. Robo saa nzima nimesema, mikono ikipaa hewani.

Nilipomaliza nikaona mkono mmoja haukuwa hewani. Daktari alikuwa ameufunga mkanda. Alikuwa amenipima mara tatu na sikujua. 122 kwa 78. 120 kwa 76. 121 kwa 78.

Akanigombeza kwanza, na alinigombeza vizuri, kwa utaratibu, hoja baada ya hoja. Kisha akavuta fomu, akatia sahihi. Akasema kesho asubuhi nimlete huyo mwenye usiku ule.

Jumatano, 13 Machi

Kaka amekataa, kisha Mama akavaa koti la maabara, kisha Kaka akakubali.

178 kwa 110. Daktari akamuuliza huwa analala saa ngapi. Kaka akasema hajalala sawasawa tangu baba afariki. Mama akasema mbona kutwa umelala. Kaka akasema silali, Mama, nafumba macho tu ili msiniulize nyumba itaendaje.

Mama akamvuta kichwa akakiweka begani pake, juu ya doa la kijani, palepale mbele ya muuguzi.

Amepewa vidonge, amepunguziwa chumvi, atarudi kila wiki. Daktari amesema tumewahi. Njiani Kaka akaniambia kwamba mimi angalau nikiogopa mtaa mzima unajua. Nadhani ilikuwa sifa. Akaongeza kwamba mkataba wa pasi uko palepale.

Ijumaa, 15 Machi

Fomu imefika. Mkuu wa Maktaba amenipa mkono. Mia na Kumi amenikumbatia, akasema alijua tu.

Sasa somo, maana mtu aliyesoma haachi jambo kama hili lipite bila kutoa somo. Nililala vizuri lini? Usiku ule mashine ilipokuwa kwa Kaka, lakini sijali, hilo ni kisa kimoja. La maana ni hili: presha yangu ilishuka mpaka 121 wakati gani? Wakati nakiri kosa. Ushahidi ni vipimo vitatu, vilivyochukuliwa na daktari. Kwa hiyo dawa yangu ni kukiri.

Jumatano jioni nilimkiria Mama kwamba ni mimi niliyevunja sahani yake ya maua: 119. Jana nilimkiria mfagizi kwamba ni mimi niliyemwaga wino mwaka juzi: 118. Tatizo ni kwamba nimeishi maisha safi mno. Kufikia saa sita leo nilikuwa nimemaliza makosa yote.

Kwa hiyo saa kumi jioni nimechukua mwavuli wa Mkuu wa Maktaba. Nitakiri Jumatatu saa mbili kamili, nikiwa na mashine mkobani. Umelala hapa chini ya kitanda changu, mweusi, una mpini wa mbao. Nje mvua imeanza, na Mkuu hutembea kwa miguu hadi nyumbani, na mwezi uliopita alikuwa na kifua.

Moyo unakwenda mbio. Vidole vinakufa ganzi. Nadhani ndivyo dawa inavyoanza kufanya kazi.