Choo Kisichomfurikia Mkwe

Jumapili, 1 Julai 1973

Leo baada ya ibada Eunike ametoa tamko. Alilitoa huku anamenya ndizi, na mke wangu akitamka jambo huku anamenya ndizi, limekwisha. Mama yake asipokuja hapa Jumapili ijayo, mtoto wetu mchanga atabatizwa kwa bibi yake, Himo. Akibatizwa Himo, jina nani atalisimamia? Mimi nataka aitwe Ndelilio, jina la marehemu baba yangu, katika kanisa lile lile ambalo baba alikuwa mzee wake. Kule Himo wana majina yao tayari. Nawajua!

Chanzo ni choo. Choo changu cha kuvuta, cha pekee kuanzia hapa mpaka ukashuke Kiboriloni! Sinki jeupe, limetoka kwenye nyumba iliyokuwa inavunjwa mjini, nikalipandisha mlimani kichwani mwangu mwenyewe. Krismasi iliyopita mama mkwe aliingia humo na viatu vyake vyeupe vya kanisani. Bomba lilikuwa limezibwa na gunzi la mahindi. Si langu. Maji yakapanda, yakafika ukingoni, yakaendelea. Mama alitoka, akapanda basi na viatu vimelowa, mbuzi hata hajaiva.

Januari nilimpelekea jani la isale kutoka kwenye ua wangu, kama desturi inavyotaka. Isale halikataliwi. Ukiletewa unasamehe, upende usipende. Akasamehe. Lakini alimwambia Eunike kwamba aliyesamehewa ni mkwe, si choo.

Eunike anasema niweke debe kando ya sinki, watu watupie humo magunzi na magazeti. Debe! Debe anaweza kuweka mtu yeyote. Mimi nitabuni choo ambacho hata kikiziba hakifuriki. Nina wiki nzima. Nimekula vizuri na moyo umetulia.

Jumatatu, 2 Julai

Nimefikiri wakati nakamua ng'ombe. Maji hufurika kwa sababu ukingo uko chini. Ukingo ukiwa juu, maji yatachoka kabla ya kufika. Rahisi! Ajabu Wazungu hawakuliona hilo.

Nimejenga matofali chini ya sinki na kulizungushia kola ya saruji. Kazi safi. Kufika jioni sinki lilikuwa usawa wa kifua changu. Nikaongeza ngazi. Eunike alipanda, akakaa, miguu ikaning'inia kama ya binti yetu Beatrice kwenye benchi la kanisa. Akauliza kwa upole kama mama yake atakuwa anakwenda chooni au anapanda Kibo.

Nimebomoa. Ngazi tumeipeleka kwenye banda la kuku. Kuku wameifurahia.

Jumanne, 3 Julai

Nimeshuka mjini kwa Gurdev Singh, fundi bomba. Nilimweleza tatizo langu kwa mchoro. Aliuangalia sana, akaugeuza, akaangalia tena. Akasema katika maisha yake amezibua vyoo vya hoteli, vya shule na vya stesheni, na dawa ni moja: watu wasitupe magunzi. Kuna debe nyumbani? Nikajua Eunike amepita hapa kabla yangu, au basi binadamu wote wana wazo moja tu.

Hata hivyo alinipa kipande cha bomba kwa mkungu wa ndizi, na kuniazima keekee, ingawa sikujua bado nitatoboa nini. Mtu mwema, ila hana maono.

Wakati wa kupanda kurudi nyumbani nilikaa kupumzika kando ya mfongo, mfereji wetu wa wazee unaoteremsha maji kutoka mlimani mpaka mashambani. Nikautazama. Pale kwenye kona wazee walichonga njia ya pembeni. Mvua ikizidi, maji hayapandi ukingoni, yanatokea pembeni na kwenda zake. Nikasimama. Nikakaa. Nikasimama tena! Choo changu hakihitaji ukingo mrefu. Kinahitaji mlango wa pembeni!

Nilipiga kelele peke yangu. Akatokea Yakobo.

Yakobo ni jirani yangu wa chini. Anaimba besi kwenye kwaya, na ndiye mwangalizi wa mfongo. Yeye anapanga nani afungue maji siku gani. Pia amechimba choo cha shimo kirefu hivi kwamba watu wa kampeni ya afya waliangusha jiwe na kupiga makofi. Tangu hapo hatembei, anapita. Aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia ataona.

Jumatano, 4 Julai

Kutoboa sinki ni kazi ya kumcha Mungu. Unazungusha keekee, unaomba, unamwagia maji, unaomba. Halikupasuka! Tundu liko vidole vitatu chini ya ukingo. Nimechomeka bomba la Gurdev, nimeziba kwa lami na matambara, upande wa pili nimelitoa nje ukutani.

Jaribio. Nilitupa magunzi kwa makusudi, na juu yake gazeti zima, pamoja na ukurasa wa michezo. Nikamimina ndoo. Maji yakapanda. Yakapanda. Yakafika kwenye tundu, yakageuka, yakaondoka! Hata tone moja halikuvuka ukingo! Nikapiga ukelele, Eunike akaja mbio akidhani ng'ombe amezaa.

Kasoro ndogo. Bomba lilikuwa limeelekea njiani, na njiani alikuwa anapita Yakobo kwenda mazoezi ya kwaya. Alikuwa na buti za mpira, kwa hiyo sioni sababu ya maneno mengi. Aliuliza kama sasa namwagilia barabara. Akaongeza kwamba maji ya namna hiyo yakiukaribia mfongo, wazee watanitoza faini ya mbege, pombe yetu ya ndizi.

Nimegeuza bomba lielekee migombani, upande usio na mfongo, ndani ya shimo. Migomba haijalalamika.

Alhamisi, 5 Julai

Leo zamu yetu ya maji. Nimejaza pipa la juu linalolisha choo. Lakini nikatafakari zaidi. Kwa nini mfongo hauzibi? Kwa sababu unatembea muda wote! Choo kinaziba kwa sababu kinapata maji ya kubahatisha, ndoo moja sasa, nyingine kesho. Kumbe nilikuwa nazuia ajali wakati ningeweza kuiondoa kabisa.

Nimepasua migomba mizee, nikatengeneza mfereji wa magome kutoka kwenye mfongo mpaka kwenye pipa. Maji yakaingia pipani, yakashuka sinkini, yakazunguka, yakatoka. Bila kukoma! Sauti yake ni tamu sana. Nilikaa pale nje nikaisikiliza mpaka chai ikapoa.

Eunike alikuja, akasikiliza pia. Akasema ni nzuri. Akauliza debe liko wapi.

Ijumaa, 6 Julai

Mama mkwe anakuja! Salamu zimeletwa na dereva wa basi. Eunike anaimba jikoni, na mimi nikimsikia anaimba napata nguvu za watu watatu. Mbege ya sherehe ilipikwa tangu wiki iliyopita, inachemka yenyewe kwenye pipa lake. Nimeionja ili kuhakikisha. Nimehakikisha mara kadhaa.

Tatizo moja. Maji ya Jumapili ni zamu ya Yakobo. Ana miche ya kahawa.

Nimelipima kwa haki. Jumapili Yakobo atakuwa kanisani anaimba besi. Kisha atakuja kwangu kula, maana nimemwalika, mimi si mtu wa kinyongo. Mtu anayeimba na mtu anayekula hawezi kumwagilia. Maji yake yatakuwa yanapita bure mbele ya uso wa Mungu. Kuyaazima kidogo ni kuyaokoa.

Tatizo la pili. Nitamwelezaje mama choo kinavyofanya kazi? Mkwe hazungumzi habari za choo na mama mkwe. Hata kulitaja tu hilo neno mbele yake ni kuvunja nyumba. Basi, kazi nzuri ijieleze yenyewe.

Jumamosi, 7 Julai

Saba Saba. Hotuba ndefu uwanjani, baridi, ngoma. Yakobo amesifiwa mbele ya watu kwa shimo lake. Shimo! Kitu anachoweza fuko!

Nimerudi mapema nikasugua sinki mpaka likang'aa.

Jumapili, 8 Julai

Furaha imenijaa. Niandike kwa mpangilio.

Mtoto amebatizwa. Ndelilio! Mchungaji alilitamka vizuri, na mtoto akanyamaza kama aliyelisikia zamani. Mama mkwe alikuwa benchi la mbele, viatu vyeupe. Machozi yalinitoka, sitaficha.

Nyumbani watu wengi. Mtori wa ndizi, nyama, mbege. Nilimwamkia mama shikamoo, macho chini. Akaitika. Lakini hakula sana, na kila baada ya muda alikuwa anatazama upande wa nyuma ya nyumba. Eunike alinong'ona kwamba mama amesema atarudi na basi la mchana, hakai mahali asipoweza kwenda haja kwa amani. Na aliposema hivyo Eunike alikuwa anakaribia kulia, siku ya ubatizo wa mwanawe.

Nikazunguka nyuma, nikafungua mfongo. Maji yakaja kwa shangwe. Eunike akamshika mama yake mkono, akampeleka, akarudi.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba wanakwaya wamekuwa wakikitumia choo tangu tulipotoka kanisani. Na hakukuwa na debe. Niliona mwenyewe bomba la pembeni linatema migombani. Maana yake humo ndani kumeziba! Na maji yanaingia bila kukoma! Na mama mkwe yumo!

Wakati huo huo akaja Yakobo. Kumbe baada ya ibada alipitia kwake kubadili koti, akaona maji ya miche yake yamekatika ghafla na mfongo hauna kitu. Sheria ya mfongo ni kwamba maji yakiibwa unayafuata kwa miguu mpaka yanapoingia, na unayemkuta hapo ndiye mwizi. Aliyafuata, na wazee wawili wa mfongo nyuma yake, majembe begani. Mfereji wa magome ukawaleta mpaka mlango wa choo.

Ningesemaje? Ningesema humo yumo mama mkwe? Nikawaambia humo ndani kuna heshima ya nyumba hii. Yakobo akadhani namkejeli. Akagonga mlango kwa mpini wa jembe, akanguruma kwa besi yake yote:

"Mwizi wa maji, toka!"

Wageni wote wakaja uani. Mlango ukafunguka polepole.

Akatoka mama mkwe. Alimtazama Yakobo, akatazama majembe, mzee mmoja baada ya mwingine. Akauliza kama huku ndivyo wanavyomlinda bibi wa mtoto siku ya ubatizo, kwa majembe. Yakobo alisema shikamoo mara mbili. Wazee wakashusha majembe nyuma ya migongo yao.

Kisha mama akainamisha kichwa kutazama viatu vyake. Sote tukatazama. Vikavu! Vyeupe na vikavu! Akamwita Eunike, akamwambia kwa sauti ya kusikika kwamba maji yalipanda, akajua yale ya Krismasi yamerudi, akashika sketi yake tayari kukimbia, lakini yalifika juu yakageuka yenyewe kama yenye adabu. Akasema basi la mchana liende. Yeye atakaa mwezi.

Eunike alinitazama. Kwa ule mtazamo ningetoboa masinki kumi.

Yakobo hakuwa amemaliza, maana mwizi lazima apatikane. Nikachuma isale, nikampa kwa mikono miwili. Alilitazama lile jani kwa chuki, lakini isale ni isale. Akasamehe. Faini ya mbege ilibaki, na kwa kuwa mbege ilikuwa tayari, ikanywewa pale pale, mama mkwe mwenyewe akiichota kwa kata. Yakobo alikunywa faini yangu mpaka akaanza kuimba. Jioni mgomba mmoja ulioloa shinani uliangukia baiskeli yangu, lakini ni kitu kidogo.

Jumatatu, 9 Julai

Mama mkwe amelala vizuri, amekula mtori mabakuli mawili, sasa amempakata Ndelilio juani. Eunike anaimba tena. Nani mwenye raha kunizidi?

Asubuhi nimekuta Eunike ameweka debe jipya kando ya sinki. Debe zuri, halina kutu. Nimelichukua haraka, maana ndilo nililokuwa nalitafuta. Jana, mbege ikiwa imekolea, wazee wa kanisa waliniuliza kama naweza kuwatengenezea choo cha namna hii pale kanisani. Nimeshachora. Masinki sita, bomba moja la pembeni, maji yasiyokoma! Debe nimelikata kitako, litakuwa mdomo wa kupokelea maji juu.

Mfongo unapita karibu kabisa na kanisa. Ufunguzi ni Jumapili, na Jumapili zamu ni ya Yakobo, lakini atakuwa ndani anaimba besi. Hatagundua. Na akigundua, ua wangu wote ni masale.