Farasi Ana Bima, Punda Ana Blanketi

Siku hiyo habari ililetwa na Osewe, na Osewe halei habari mikononi. Akiipata tu anaigonga nyundo. Ni fundi viatu, meza yake iko ubavuni mwa kibanda cha chai cha Seline pale mtaa wa mabanda wa Lindi, na kwa kuwa hapitwi na mjadala hata wa mbu, watu walimbandika jina la Bunge. Hata mke wake siku hizi anamwita Bunge. Alikuwa ameegemeza simu kwenye kopo la gundi. Akasoma, akapiga msumari mmoja kwa nguvu ambazo kiatu kile hakikustahili.

"Farasi ana bima," alisema.

"Wacha uongo," Seline akamjibu bila kugeuka. Alikuwa anageuza mandazi.

"Imeandikwa hapa! Si umuulize Saisi? Ndiye anakaa na hao wafalme."

Kijiwe kizima, yaani Seline na Osewe, kikamgeukia Khamala. Khamala alikuwa mwisho wa benchi amekumbatia kikombe. Yeye ni saisi: anatunza farasi wa matajiri kwenye mazizi ya ng'ambo ya msitu. Anawasugua, anawalisha, anazoa mavi yao, kisha anarudi kwa miguu kunywa chai na watu wasiosuguliwa na mtu.

"Ni ukweli," alisema.

"Bima ya nini?"

"Ya kila kitu. Akivunjika mguu, akibebwa na lori, akiibiwa."

"Akiibiwa? Yawa!" Seline aliinua kijiko. "Mwizi ataficha farasi wapi Lindi hii? Mimi mwenyewe kwangu naingia kwa ubavu."

"Na akikufa?" Osewe aliuliza.

"Mwenyewe analipwa."

"Mwenyewe farasi?"

"Mwenye farasi, Bunge. Farasi si amekufa."

"Sasa yeye anafaidika na nini?" Seline aliuliza.

Osewe alipiga msumari mwingine.

"Mimi nilipeleka kadi yangu ya bima hospitali, goti limefura hivi," alisema. "Wakaniambia system iko chini. Nikawauliza, iko chini wapi nikaiinue? Yule dada wa dirishani akaniangalia, akasema, na hilo goti utainama aje?"

"Pole."

"Si pole. Farasi akiumwa anangojeshwa kwa dirisha?"

"Daktari anakuja kwake," Khamala alisema. "Na gari yake. Hata fundi wa viatu anakuja kwake."

Nyundo ilisimama hewani. "Fundi wa viatu?"

"Wa kuwapiga vyuma kwato. Kila mara kwato zikirefuka anarudi."

"Viatu vinne? Mteja mmoja, miguu minne, na anasimama akipimwa?"

"Anasimama."

"Hasemi hii ngozi ni fake?"

"Hasemi."

Osewe alitazama kile kiatu mkononi, kimoja, cha mguu wa kushoto. Akarudi kwenye simu apate faraja, akapata mabaya zaidi. Akasoma kwa sauti kwamba kuna mafua ya farasi yanazunguka, yanaambukiza kushinda fununu, yanapita kwa pumzi, kwa ndoo, kwa nguo na kwa mikono ya watu. Na kampuni za bima zimesema tajiri akionekana amezembea, asahau malipo.

"Kwenu imefika?" aliuliza.

"Sijui," Khamala alisema, akaingiza mdomo kwenye kikombe ambacho hakikuwa na chai tena.

Alikuwa anajua, tena vizuri. Kwini, jike mweupe anayelala kwenye majani laini kuliko godoro la Khamala, alikuwa anakohoa na kutoa makamasi. Mdosi, yaani tajiri mwenye mazizi, aliwakusanya masaisi wote akawapa sheria mbili. Ya kwanza: wakanyage dawa wakiingia, wanawe mikono mpaka viwiko, na nje ya zizi wasiguse farasi, wala punda, wala mtu anayeshika punda. Ya pili: atakayefungua mdomo huko nje kabla mdosi hajaongea na bima yake, aende kabisa. Sheria ya pili ilikuwa rahisi. Ya kwanza ilikuwa inamvunjia ndoa.

Maana Khamala alikuwa anamchumbia Trizah, msusi wa mtaa wa Satellite. Jumamosi wazee wake walikuwa wanatoka Bungoma kwenda Kawangware kujitambulisha kwa watu wa Trizah, na kila kitu kilikuwa tayari, hata zawadi ya mama mkwe ilikuwa imefungwa iko chini ya kitanda. Mwenyeji wa siku hiyo alikuwa Gerishon, kaka mkubwa wa Trizah. Na Gerishon, kwa bahati ya watu kama Khamala, ni mwenye punda.

Akitajwa hakosi. Alitokea kwenye kona na mkokoteni wa makaa, akafunga punda wake kwenye nguzo. Punda anaitwa Meneja, kwa sababu akikataa hakuna wa kumuuliza. Gerishon alimpa Seline mkono. Akampa Osewe mkono. Akafika mwisho wa benchi, akaunyoosha mkono kwa shemeji yake mtarajiwa.

Khamala alisukuma mikono yake yote miwili kwapani.

"Niaje, mulamwa," alisema, akimwita shemeji kwa kikwao, akatikisa kichwa kwa heshima kubwa.

Mkono wa Gerishon ulibaki pale. Mandazi yakaanza kuungua na Seline hakuyaona.

"Juzi nilinyamaza," Gerishon alisema polepole. "Jana nikanyamaza. Nikasema labda ana mafuta mikononi. Leo umeninyima mkono mbele ya Bunge na Seline."

"Si hivyo."

"Ni aje?"

"Ni... heshima."

"Heshima?"

"Si kwetu mkwe hasalimiwi kwa mkono," Khamala alisema, na papo hapo akatamani ardhi impokee.

"Huyo ni mama mkwe!" Gerishon alipaza sauti. "Mimi pia ni Mluhya, usinifundishe! Mama mkwe ndiye hashikwi mkono! Mimi ni mama mkwe? Niangalie vizuri, Khamala. Niko na matiti?"

Osewe alimwangalia vizuri. "Kidogo," alisema.

"Bunge, nyamaza!"

"Mimi nachangia tu hoja. Mkono wa mtu haunyimwi bure. Ni vita, ama ni uchawi. Saisi, chagua moja tusonge mbele."

"Sina vita na mtu."

"Basi umechagua."

"Aki nyinyi," Seline alisema, sasa akiokoa mandazi. "Mwacheni aongee. Khamala, ndugu yangu, ongea. Kwani umekatwa ulimi?"

Khamala alifungua mdomo, akamwona mdosi akilini, akaufunga. Akisema, kazi imeenda. Asiposema, Trizah ameenda. Na bila kazi, hao watu wa Trizah wangempa nani? Aliona njia zote mbili zikifika kwenye shimo lilelile, akanyamaza, na kunyamaza ndiko kulikomaliza subira ya Gerishon.

"Sawa," Gerishon alisema. Akatoa simu. "Nampigia mzee wangu Vihiga. Namwambia asipande gari. Jumamosi hakuna. Mtu anayeona mkono wangu ni mchafu hawezi kula kwa sufuria ya mama yangu."

"Mulamwa, ngoja."

"Nimengoja siku nyingi."

Kidole kilikuwa juu ya jina la mzee pale Meneja alipokohoa.

Hakikuwa kikohozi cha vumbi. Kilikuwa kirefu, kikavu, kikamtikisa mpaka makaa yakalia kwenye magunia. Khamala, ambaye ulimi ulikuwa umekufa ganzi, aliruka kama ameketi juu ya jiko. Alikijua kikohozi kile. Ndicho alichokuwa anakiacha zizini kila adhuhuri. Akasogea, akasimama mbali kidogo, akainama kumtazama punda puani. Makamasi mazito, manjano.

Kisha akaona alichofunikwa.

"Hiyo blanketi," alisema.

"Imefanya nini?"

"Hiyo si nilikupa wewe? Wakati wa baridi? Nilikupa ujifunike!"

"Nijifunike?" Gerishon alirudisha simu mfukoni, maana hasira mpya ilihitaji mikono miwili. "Khamala, uliniletea blanketi iko na mkanda wa kupita chini ya mkia. Nikaugeuza huku, nikaugeuza kule. Nikamuuliza bibi yangu, huu mkanda ni wa wapi? Nikajaribu, haki ya Mungu nikajaribu. Mimi mkia sina! Nikampa mwenye mkia."

"Ilikuwa nzuri sana! Walikuwa wanaitupa!"

"Na jina imeshonwa hapa, Kwini. Kila nikipita watu wa Kawangware wanamuamkia Meneja, 'Sasa, Kwini!' Amekuwa na aibu mpaka hapandi mlima."

"Gerishon," Khamala alisema. Akavuta pumzi. Mdosi alimjia tena machoni, na safari hii Khamala akamwambia kimoyomoyo apite tu. "Kwini ni mgonjwa. Mazizi yote yako karantini. Tumekatazwa kugusa mtu yeyote wa punda tusiwapelekee farasi ugonjwa. Ndio maana sikusalimii. Na tumekatazwa kusema. Nimesema. Sasa sina kazi."

Treni ilipita huko chini relini, ikaisha.

"Ngoja nielewe," Gerishon alisema. "Mnaogopa Meneja awaambukize farasi."

"Ndiyo."

"Na blanketi ya farasi mgonjwa ndio iko kwa Meneja."

"Ilitoka kabla hatujajua. Lakini ndiyo."

"Kwa hivyo farasi ndio imeambukiza punda."

"Inaonekana hivyo."

"Na mkono ulionyimwa ni wangu."

"Ndiyo."

"Na bima iko kwa nani?"

"Kwa farasi," walijibu wote watatu, hata Seline.

Gerishon alikaa chini, pale pale penye nafasi, ambayo ilikuwa ubavuni mwa Khamala. Meneja akikaa bila kazi, nyumba ya Gerishon inakaa bila unga. Alimtazama punda wake kwa muda. Khamala alimhurumia mpaka akasahau kujihurumia, akatoa simu.

"Unapigia nani?" Osewe aliuliza.

"Daktari wa farasi."

"Atakuja Lindi? Kwa punda? Saisi, umechanganyikiwa."

Khamala aliweka sauti wazi ili kijiwe kishuhudie. "Daktari, ni Khamala wa mazizi. Kuna punda hapa anakohoa kama Kwini."

"Khamala, mimi natibu farasi," sauti ilisema. Ilikuwa ya mtu anayekula.

"Najua, daktari. Nilikuwa nakuambia tu, kwa sababu anapita kando ya ua wa mazizi kila asubuhi. Anasimama hapo kabisa, anapumua kwa ua."

Kutafuna kulikoma. "Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi."

"Asitoke hapo! Bima ikisikia kuna punda wa aina hiyo mlangoni! Niambie ni wapi, nakuja na dawa. Mwambie mwenyewe asimpe kazi yoyote mpaka nimwambie, kuwafanyisha kazi ndiko kunakowaua. Na wewe umemkaribia?"

"Nimemkaribia. Tuko Lindi, kwa kibanda cha chai cha Seline."

"Usikanyage huku. Na mdosi atataka kujua nani alikutuma kuongea." Simu ikakatika.

Gerishon alikuwa anamkodolea macho. "Mimi sipiti kwa huo ua."

"Kuanzia leo ulikuwa unapita."

"Kila asubuhi?"

"Na unasimama."

Osewe alishusha nyundo polepole, akaiweka mezani kwa adabu, kama mtu aliye kanisani. "Yawa," alisema. "Huyu mtu si wa kupoteza. Oeni yeye."

Gerishon aliinuka, akamfungua Meneja kwenye mkokoteni. Alivua blanketi mgongoni mwa Meneja kwa ncha za vidole, akalisukumia kwenye gunia tupu, akanawa kwa maji ya Seline na sabuni ya Seline bila kuomba. Kisha akaja mwisho wa benchi na kunyoosha mkono wake uliolowa. Khamala aliutazama. Alikuwa hana farasi tena wa kumwogopea, na pengine hatakuwa naye tena. Akautoa wake kwapani. Walishikana kwa nguvu, na Seline akafuta macho, akasema ni moshi.

"Jumamosi iko palepale," Gerishon alisema, bado ameushika. "Lakini mulamwa, hayo makaa yanangojewa mtaa wa Raila. Na daktari amesema Meneja asifanye kazi."

"Amesema."

"Na wewe umeambiwa usiende kazi."

Khamala alitazama mkokoteni. Akatazama miti miwili ya kuuvutia, iliyong'aa kwa jasho la miaka ya Meneja. Alijua shemeji hakatai, hasa wiki ya kujitambulisha. Akaingia katikati, akaishika, akapima uzito. Meneja alimwangalia kutoka kwenye nguzo yake na kukohoa mara moja.

"Saisi," Osewe aliita, "wewe uko na bima?"

"Ninayo."

"Inafanya?"

"System iko chini."

Gerishon alishika nyuma ya mkokoteni, tayari kusukuma. Hasira zilikuwa zimemtoka, na akazungumza sasa kama mtu wa nyumbani.

"Mama ameuliza sana juu yako. Nikamwambia kijana ana adabu, hawezi kuja mikono mitupu. Umemwandalia nini?"

"Blanketi," Khamala alisema.

Mkokoteni haukusukumwa. Seline alifunika mdomo kwa leso. Osewe, ambaye hajawahi kukosa hoja tangu ajulikane Lindi, aliinama akatafuta msumari ambao haukuwa umeanguka.

"Khamala," Gerishon alisema nyuma ya magunia. "Iko na mkanda wa mkia?"

Khamala alivuta mkokoteni.