Kibuyu cha Chepkosgei Mbele ya Mdhibiti

Jumatatu, 3 Machi

"Maji tunayorudisha kijitoni ni safi kuliko tuliyoyakuta." Maneno ya Gibson, meneja wa kampuni ya majitaka, kanisani jana, mara tu baada ya sadaka. Uongo! Anywe basi. Mabwawa yake hufurika hadi kijito tunachoteka, na mke wangu Chepkosgei nilimzika Januari kwa homa ya matumbo. Ijumaa mdhibiti wa maji anakuja Silibwet kusikiza wananchi kabla kampuni haijapewa leseni mpya. Nitamnyamazisha Gibson kwa ushahidi.

Jumanne, 4 Machi

Waraka wa mdhibiti unataka sampuli iletwe katika chombo kilichotakaswa. Chupa ya soda? Sidanganyiki. Kuna chombo gani kinachotakaswa kuliko kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, ya kulia ugali? Kilibaki kimoja, alichokisugua Chepkosgei mwenyewe kwa mkaa wa mti wa senetwet. Nikamwaga maziwa yaliyokuwemo, nikateka maji chini ya bomba la Gibson. Akili hizo! Binti yangu Caren alirudi kutoka kuchuma majani chai akakuta nyasi nyeupe mlangoni. Akauliza kama nilijua maziwa hayo ndiyo ya mwisho aliyogandisha Mama. Nikamwambia haki ina gharama. Hakula.

Jumatano, 5 Machi

Nimemkabidhi Aluoch, mpimaji wa mdhibiti. Alikinusa kibuyu, akaniangalia, akanipa risiti. Heshima!

Ijumaa, 7 Machi

Aibu. Ukumbi umejaa hadi madirishani. Aluoch akasoma majibu: mkaa, mafuta ya maziwa, vijidudu vya kugandisha. Akaniambia kwa upole, mzee wangu, hii ni mursik iliyotiwa maji, siwezi kuitumia. Gibson akauliza kwa sauti nani ana ugali. Hata mchungaji alicheka. Leseni imepita. Nikadai kibuyu changu. Aluoch akasema chombo chenye uchafu huchomwa maabara. Aliokoa kifuniko tu, pole sana. Nikakibeba nyumbani mfukoni. Caren alikinusa kwa muda mrefu, akaingia nacho chumbani.

Jumatatu, 10 Machi

Kosa halikuwa langu. Kosa ni maziwa! Ningekisuuza. Dada yangu Phyllis, kule Mogogosiek, ana kibuyu cha marehemu mama yetu. Kesho nakwenda kukiazima. Sitamwambia ni cha nini. Nitakisuuza mara tatu.

Na ninyi wadhibiti, mnaongoja ofisini tuwaletee: kijito kiko hapa, chini ya kaburi la Chepkosgei. Njooni na chupa zenu, mteke wenyewe, kabla sijamaliza vibuyu vya ukoo.