Volti Tatu Nukta Tano

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Boti ya Baba imeingia majini leo kwa mara ya kwanza. Boti gani! Mbao tupu, futi mbili na nusu, vanishi tabaka sita, ubavuni njano kali. Baba ni seremala mstaafu. Amenichongea kwa miezi minane, uso ameuinamisha karibu uguse mbao, maana macho yanamwishia. Daktari amesema ikifika katikati ya mwaka atabaki anaona mwanga na kivuli, basi. Njano ndiyo rangi anayoiona bado. Ombi lake ni moja: aione boti yake ikishindana Jumapili hii, angali anaona.

Moja tu! Ungedhani hata mimi siwezi kuliharibu.

Shida ni Shemeji, kaka wa mke wangu. Mfamasia. Mtu wa kupima matone. Bingwa wa chama chetu cha boti za rimoti miaka mitatu mfululizo, na anashinda kwa unyenyekevu, jambo linaloniudhi zaidi. Ndiye aliyenipangia kidhibiti, kile kidude kinachokaa kati ya betri na mota. Kikomo ameweka volti tatu nukta tano kwa kila seli. Betri ikishuka hapo, kidhibiti kinapunguza mwendo, boti inajikokota hadi ukingoni, betri inabaki salama. Mashindano ni mizunguko kumi. Boti ya Baba ni nzito. Leo bwawani, mzunguko wa nane, hoi! Shemeji akanipita huku akinipungia mkono.

Akanishauri niendeshe robo tatu ya kasi, nitamaliza yote kumi bila taabu. Nikamshukuru sana. Robo tatu! Baba aje kuona robo tatu?

Jumanne, tarehe 4 Machi

Wazo! Kama kikomo ndicho kinachonikwamisha, si nikishushe? Inakuwaje hakuna aliyewahi kulifikiria hili? (Nimesoma kijitabu cha maelekezo. Wamelifikiria. Wameandika kwa herufi nene kwamba usifanye hivyo. Waoga.)

Mimi na mke wangu tuna duka la mapazia. Yeye anashona, mimi napima, nakata na kutundika. Leo nilitakiwa kukata mapazia ya mwanasheria. Badala yake nimeshinda chini ya meza ya kukatia, rimoti mkononi, nikihesabu milio ya kidhibiti. Mlio mmoja, tatu nukta tano. Miwili, tatu nukta mbili. Mitatu, tatu kamili. Nikakomea mitatu.

Mke wangu akauliza ni nini kinalia. Nikamwambia cherehani yake inataka mafuta. Akaitia mafuta. Mafuta yakamwagikia pazia la mwanasheria. Nikajificha chini ya meza muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mzunguko wa tisa! Wa tisa na kasi ile ile! Nimeruka peke yangu ukingoni mwa bwawa hadi bata wakanikimbia.

Betri imetoka ya moto, na imetuna kidogo, kama tumbo la mtu aliyeshiba. Itapoa.

Mchana Shemeji akatokea dukani. Dada yake amemweleza habari za milio. Ukoo huu hauna siri! Akaomba aione betri. Nilikuwa nimeiweka kitini. Nikaikalia.

Nusu saa nzima! Anakunywa chai, ananieleza kwa upole kwamba seli ikishuka chini ya tatu inaharibika ndani, hairudi tena ilivyokuwa, na ukija kuichaji ndipo hatari inapoanza. Mimi naitikia kwa kichwa, huku matako yanaungua. Akaona jasho linanitiririka. Akanigusa paji la uso kwa kiganja, akasema hapana, hii si hali ya kawaida, atanitumia dawa ya homa.

Dawa imefika. Nimeinywa, maana mke wangu alinisimamia.

Najuta kuikalia. Ningesimama tu, jamani. Ningesimama, angeiona, angenigombeza, yangeishia pale pale.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Tisa si kumi. Nimerudi kwenye kijitabu. Kumbe kidhibiti unaweza kukidanganya! Ukikiambia betri ni ya nikeli, zile za zamani, hakiweki kikomo chochote. Kinaivuta mpaka tone la mwisho. Mlio mmoja mrefu na kazi kwisha.

Mizunguko kumi! Kumi na nusu! Nikalia kwa furaha.

Nyumbani nikaiunganisha betri na chaja. Chaja ikagoma. Ikaandika CHINI MNO. Seli zote tatu kwa pamoja zilibaki na volti saba tu, wakati hata moja haifai kushuka chini ya tatu. Moyo ukanipasuka. Ndiyo betri pekee niliyonayo, na mashindano ni keshokutwa!

Lakini mimi si mtu wa kukata tamaa, na hili ndilo kosa langu kubwa maishani. Nikaidanganya na chaja pia. Nikaiambia nayo kwamba ni nikeli. Dakika kumi. Kisha nikairudisha kwenye lithiamu, aina yake halisi, ikakubali! Ikajaa! Leo nimedanganya mashine mbili na mke mmoja, na ni mke tu ambaye hakuamini.

Imebaki kasoro moja. Betri imevimba, haiingii tena kwenye kitanda chake ndani ya boti. Baba alikichonga kitanda kile kwa kipimo chake hasa, kiganja kwa kiganja. Nikachukua tupa, nikakikwangua pande zote mbili.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Baba amekuja kuikagua boti. Anakagua kwa vidole siku hizi. Akapita ubavuni, akapita nyuma kwenye panga la mota, akaingia ndani. Vidole vikasimama kwenye kitanda cha betri.

Akauliza nani amepitisha kitu hapa. Nikasema panya. Nilisema panya! Baba akapapasa tena, akasema basi panya huyu anatumia tupa namba mbili, na hana mkono wa kazi.

Shemeji alikuwepo. Hakucheka. Akaniita pembeni, akatoa mkobani betri yake ya akiba, nzima, tambarare kama kitabu, imebandikwa karatasi yenye tarehe na volti za kila seli. Akasema chukua, turudishe kikomo tatu nukta tano, uendeshe taratibu, Mzee aione ikifika mwisho. Hakuna atakayejali imekuwa ya ngapi.

Mkono wangu ulinyooka. Naapa ulinyooka. Halafu nikaiona ile karatasi, ule mwandiko wake mdogo uliopangika, kijiba cha roho kikanikaba. Nikasema asante, nina yangu.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Sitaki kuandika. Nitaandika.

Baba alikaa kwenye kiti ukingoni, koti lake jeusi, amenyoa. Mwamuzi alikuwa mwalimu wa michezo mstaafu tunayemwita Filimbi. Boti sita. Nikashika uongozi! Mzunguko wa pili naongoza, wa nne naongoza, wa sita naongoza, Shemeji yuko nyuma yangu robo tatu ya kasi kama kawaida yake. Baba akawa anauliza, ile ya njano mbele ndiyo yetu? Nikapiga kelele, ndiyo Baba, ndiyo yetu! Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Iliishi dakika tatu hivi.

Mzunguko wa saba moshi ukaanza. Mweupe, mwembamba. Nikajitia hamnazo. Kisha mlio, kisha ndimi za moto zikatoka ndani ya mbao. Vanishi tabaka sita! Rimoti ikafa mkononi mwangu. Boti ikaenda arijojo katikati ya bwawa, inawaka.

Na Baba akasimama. Akanyoosha kidole. Akasema naona! Jamani, sasa naiona vizuri kabisa! Inang'aa!

Shemeji alikuwa akiongoza sasa, ubingwa wa nne uko wazi mbele yake. Akageuza boti yake, akaacha mashindano, akaenda kuizunguka yetu kwa kasi ili mawimbi yauzime moto. Akazunguka hadi kikomo chake kikamkata, boti yake ikarudi ukingoni polepole, nzima. Yetu ikazama.

Baba akauliza imekuwa ya ngapi. Nikafungua mdomo, nikasikia unasema ya kwanza. Nikamtazama Shemeji. Nilistahili anivue nguo mbele za watu. Akasema ndiyo, Baba, ya kwanza. Na Filimbi, mtu ambaye hajawahi kumsamehe yeyote kwa kugusa boya, akapuliza filimbi ya mshindi. Akapuliza mara mbili.

Nikaenda nyuma ya choo cha bwawani nikalia.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Baba anataka boti yake. Anataka kuishika. Jana nilimwambia iko kwenye maonyesho. Leo nikamwambia maonyesho yameongezewa muda. Nilikuwa naanza kumweleza kuhusu mgeni rasmi akaniambia nikae chini.

Akasema yeye ni seremala miaka arobaini na mmoja, hivi mimi nadhani hajui harufu ya vanishi inayoungua? Alidhani ni jua limepiga rangi, akafurahi, naam. Harufu ikamfikia alipokuwa bado amenyoosha kidole. Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema watu watatu wazima walikuwa wanahangaika kumdanganya kwa juhudi zile, akaona aibu kuwaharibia.

Nikampigia magoti. Nikasema yote: milio, nikeli, chaja, panya. Nililia hadi nikapata kwikwi. Akaniacha nimalize. Kisha akasema mbao anazo. Atatengeneza nyingine, fupi, itachukua miezi mitatu.

Miezi mitatu! Nikahesabu, naye alijua nahesabu. Akasema basi hataiona, ataisikia. Ana sharti moja: kikomo kiwe tatu nukta tano, na Shemeji ndiye atakayekiweka. Nikaapa kwa kaburi la mama.

Nimeenda kwa Shemeji kumwomba radhi. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mazito. Akaniuliza kama homa imepungua. Nikakiri kuhusu kile kiti. Akaniuzia mafuta ya kupaka, bila kucheka, ila dada yake alikuwa nyuma ya kabati la dawa na nilimsikia akicheka mpaka nikafika barabarani.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Boti ya pili imekamilika. Nzuri kuliko ile, na inaniuma kusema hivyo. Baba ameichonga kwa vidole tu. Wiki hii hatofautishi tena uso wangu na mlango. Hakuipaka njano. Amesema ya nini.

Mashindano ni kesho. Shemeji ametupatia betri mpya, na zawadi juu yake: kadi ya kupangia kidhibiti, yenye kioo kidogo kinachoonyesha namba. Hakuna tena kuhesabu milio. Juzi ameweka tatu nukta tano mbele yetu sote, mimi, Baba na mke wangu, kama watu wanaotia saini mkataba. Akaniachia kadi. Ananiamini! Nilitokwa na machozi.

Leo asubuhi nimeijaribu bwawani. Mzunguko wa kwanza safi, wa tano safi, wa nane safi! Wa tisa safi! Wa tisa na nusu, mwendo ukakatika.

Nusu mzunguko. Nusu tu! Najua, najua. Robo tatu ya kasi, ningefika. Lakini Baba haoni, anasikiliza. Mota ikinguruma kwa kasi yote anatabasamu, ikipungua anainamisha kichwa. Nifanye nini, nimsikilizishe robo tatu?

Nimeshusha hadi tatu nukta mbili. Si tatu kamili. Si nikeli, Mungu apishe mbali! Mtu aliyepitia niliyoyapitia anajua pa kuishia.

Punde nikasikia hatua. Baba ameingia anapapasa ukuta. Akaketi karibu nami, akaomba ashike kadi. Akaigeuza geuza mkononi, akapitisha kidole gumba juu ya kile kioo, taratibu, mara mbili. Akasema mwanangu, hebu nisomee namba iliyoandikwa hapa.

Nikamsomea: tatu nukta tano.

Akanishika bega. Akasema safari hii umekua.

Roho imeniuma, sikatai. Imeniuma mpaka sasa ninapoandika. Nitairudisha tatu nukta tano kesho jioni, tukishashinda.