Seva Yangu Imeposa Kabla Yangu

Jamaa zangu wa masomo ya jioni, leo nimeaibika. Mchana kweupe, ofisini, mbele ya mtu pekee Mpanda nzima ambaye sikutaka kuaibika mbele yake. Nawaandikia barua pepe hii sasa hivi, itaondoka jioni redio ya ofisi inayozituma ikipata mawimbi.

Mnajua mradi wetu wa mbegu. Kuna kompyuta moja kwenye kona, ndiyo seva, imetunza kurasa za kilimo: lini upande mahindi, namna ya kukausha tumbaku. Kompyuta nyingine za ofisi zinaziomba kurasa hizo kwa waya. Kazi yangu mimi (mtaalamu pekee wa seva kuanzia hapa hadi Ziwa Tanganyika, kwa hesabu zangu mwenyewe) ilikuwa kuipanga itoe kila ukurasa kwa Kiswahili, Kirundi na Kifaransa. Kompyuta inayoomba inataja lugha yake, seva inachomoa faili la lugha hiyo. Basi.

Kirundi alikitafsiri Mzee Nestori, katekista wa Katumba, kwenye makazi ya Warundi. Mzee Nestori ana binti, Adela. Mimi na Adela tumeshaelewana. Mzee alikuwa hajaambiwa. Mpango ulikuwa leo aje aone kazi, aseme moyoni, "Kijana huyu ana akili," halafu ndipo nimtume mshenga.

Sasa, wiki zile nikisubiri tafsiri, sikutaka kurasa zikae tupu. Nikajaza maneno yangu ya kushikia nafasi. Ya utani. (Nilikuwa peke yangu, nimeshiba.) Nikazifungua kwenye kompyuta ya bosi, Bwana Kisinza, nione kama seva inatii. Ikatii. Nikacheka mwenyewe kama fisi.

Asubuhi ya leo nikaweka Kirundi halisi, nikakitazama kwenye mashine yangu. Safi kama kanzu ya Pasaka.

Mzee akafika na baiskeli, koti limefungwa vifungo vyote. Bwana Kisinza akampisha kiti chake. Nikafungua ukurasa, nikarudi nyuma hatua moja kama mpiga picha.

Mzee akavaa miwani, akasoma kwa sauti, vile anavyosoma kanisani.

"Kirundi kinakuja." Akasogelea kioo. "Mbona hiki ni Kiswahili?"

"Endelea tu, Mzee," alisema bosi, aliyekuwa upande wa pili wa meza haoni kitu.

"Mkwe wangu Mzee Nestori bado anakitafuna."

Alivua miwani. Akaifuta. Akaivaa tena.

"Bwana Kisinza, hapa ofisini kuna Nestori mwingine?"

"Hapana, Mzee. Ni wewe tu."

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kompyuta hujiwekea nakala ya ukurasa uliowahi kuuona, ili isihangaike kuuomba upya. Ile ya bosi ilikuwa imeyahifadhi maneno yangu kama mama anavyohifadhi kitenge cha arusi. Jasho lililonitoka lingemwagilia shamba zima la tumbaku.

"Mzee, hiyo ni hitilafu ya mashine," nikasema.

"Mashine imejuaje jina langu?"

Nikakimbilia Kifaransa, nikabofya haraka kabla hajauliza la pili. (Kifaransa ambacho hakuna mtu alikuwa amekitafsiri. Kichwa changu hiki.) Safari hii Bwana Kisinza alikuwa ameshazunguka meza. Akasoma yeye, kwa ile sauti ya kuitia ng'ombe wa ng'ambo ya mto:

"Kifaransa baadaye. Kwanza anipe Adela."

Wakulima waliopanga foleni ya mbegu nje ya dirisha wakarefusha shingo.

Mzee akanigeukia polepole, kiti kikalia.

"Adela anajua?"

"Anajua, Mzee."

"Mama yake?"

"Naye anajua."

"Kwa hiyo tuliokuwa hatujui ni mimi na bwana huyu."

"Mimi nilikuwa najua, Mzee," alisema Bwana Kisinza, akitazama dari. "Huyu ng'wanawane, huyu mwanangu, haongei kingine."

Nikalazimisha kompyuta iombe ukurasa upya. Kirundi halisi kikaja, mistari imenyooka, kila aya mahali pake. Kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya maishani mwangu. Hakuna aliyeitazama.

Mzee alisimama, akachukua kofia yake.

"Kijana. Kwetu neno kama hili linaletwa na mtu mzima. Anakaribishwa, anakaa, anapewa cha kunywa, ndipo analitoa. Haliletwi na kioo cha umeme."

"Ndiyo, Mzee. Nisamehe."

"Jumapili baada ya misa nitakuwa nyumbani." Akafika mlangoni, akasimama. "Utume mtu. Usije wewe. Na hiyo mashine yako ibaki hapa hapa."

Akapanda baiskeli akaenda. Sikuona uso wake, lakini wale wa foleni wanaapa alikuwa anacheka peke yake hadi alipokata kona.

Nyie msicheke. Atakayecheka, siku akitaka kuchumbia nitamtengenezea ukurasa, kwa lugha zote tatu.