Salamu Upande wa Kwanza, Roki Upande wa Pili

Jumamosi, 2 Machi 1996
Khuwair ya Kusini, Maskati

Nimeamshwa na kelele tena! Si adhana, si jogoo. Hajar, mjukuu wangu, msichana mzima wa chuo kikuu, ati anadurusu huku anasikiliza muziki wa roki. Nilidhani mafundi wanabomoa jiko. Nimegonga mlango. Hakusikia. Nimegonga kwa bakora. Kafungua, kacheka, kaniambia Babu umeshika mapigo sawasawa, endelea. Dharau hiyo! Nimekwenda kuzima swichi kuu ya umeme. Kumbe mwanangu Aflah, baba yake, yumo bafuni, sabuni usoni, na pampu ya maji imezima. Nani kalaumiwa? Mimi!

Barazani, nje ya duka la chai, nimekuta khabari mbaya zaidi. Bi Mahbuba wa Azaiba anakwenda Unguja kwa dada yake, Alkhamisi ya wiki ijayo. Mwanawe kasema kama hapa Maskati hana la kumweka, basi abaki huko huko. Hana la kumweka! Na mimi je? Tangu Idi nnajipanga kumposa. Yeye mjane, mimi mgane, chumba changu kina dirisha la upande wa upepo. Kitu gani kingine mtu anataka?

Saeed aliposikia khabari hii kaimeza chai yake ya moto yote, kaondoka. Saeed huyu jirani yangu, ndevu kazipaka hina mpaka zinang'ara kama taa ya breki. Nnajua akili yake inakoelekea.

Jumapili, 3 Machi

Hajar kanipa siri. Yeye anasoma na mjukuu wa Bi Mahbuba. Bibi yule, wallahi sikuamini, anapenda roki! Ati alianza na Queen, kwa kuwa mwimbaji wao marehemu alizaliwa Unguja. Mtu wetu huyo, anasema Bi Mahbuba, na kwa kuwa ni mtu wetu ilimbidi amsikilize. Akamsikiliza. Akanogewa. Akapita kwa Queen akaenda kwa wengine.

Basi nimemwambia Hajar anisomeshe. Kanitaka ahadi: nisiguse tena swichi kuu. Nimekubali kwa uchungu.

Nnaandika nisisahau.

Hevi metali. Metallica, Iron Maiden na jamaa zao. Watu wamekasirika na hawasemi nani kawakasirisha. Nywele kama za majini.

Granji. Nirvana. Vijana wenye afya zao, wamevaa mashati ya mafundi bomba, wananung'unika. Nimeuliza kwani hawana wazee wa kuwatuliza?

Panki. Ramones na wenzao. Wimbo unaanza, unakwisha, hata hujapata kukaa kitako. Utovu wa adabu. Hawa hawakulelewa.

Progresivu. Pink Floyd. Wimbo umeanza, nimekwenda kutia udhu, nimesali, nimeulizia chakula cha mchana, nimerudi, mtu bado hajafungua mdomo kuimba. Huu ndio muziki wa watu wazima! Hajar kaniangalia, katikisa kichwa, kasema ndiyo Babu, huu ndio wewe hasa. Nimeshukuru. Baadaye nimehisi hakunisifu.

Jumanne, 5 Machi

Vita barazani. Nimemuuliza Saeed mbele ya watu, je, bwana, Nirvana ni nini? Kajibu bila haya kuwa ni sabuni ya kufulia, na mkewe marehemu alikuwa akiitumia. Nimecheka mpaka nimekohoa. Lakini watu hawa hawana shukurani kwa elimu! Saeed kageuza maneno, kasema yeye zamani Unguja alikaa mtaa mmoja na mwimbaji wa Queen. Baraza nzima ikasema ala! na kumwagizia chai. Uongo mtupu! Saeed ni mtu wa Pemba, Unguja alipita tu kupanda meli. Siku hizi kila mtu aliyetoka kule alikaa mtaa mmoja na yule. Mtaa gani huo uliowaenea watu wote?

Nikaenda dukani kwa Enos, Mkenya anayeuza kaseti karibu na msikiti, nichukue ya Queen nimpelekee Bi Mahbuba. Enos kaniambia, "Pole sana mzee wangu, ya mwisho imebebwa na mzee mwingine, yule wa ndevu nyekundu." Ndevu nyekundu! Kanishauri nichukue Scorpions badala yake. Wajerumani. "Hawa ni rock, lakini wapole, mzee. Mama wa watu atalia tu." Nimechukua. Nimerudi nyumbani na hasira zangu.

Alkhamisi, 7 Machi

Nimepata akili kubwa! Saeed anaweza kupeleka sauti za watu wengine. Mimi ntapeleka yangu.

Kaseti za salamu, nani Maskati hii ananishinda? Watu wetu wakitaka kuzungumza na jamaa zao wa Unguja wanarikodi kaseti, wanampa msafiri. Na wasiojua kupanga maneno wanakuja kwangu. Mimi sisahau mtu. Mtu akisahauliwa katika salamu anakasirika mpaka kaburini, na mimi katika umri wangu wote sijamkasirisha mtu kwa njia hiyo. Kwa njia nyingine, ndiyo.

Kaseti tupu nyumbani hakuna. Nimechukua moja ya Hajar, ina picha ya maiti anacheka. Iron Maiden. Nnadhani nimemwondolea balaa. Vijino vya juu vimevunjwa ili isirikodike, lakini mimi si wa jana: nimeziba matundu kwa tishu, ikakubali. Redio ya pili nimeiweka nyuma yangu, Scorpions wananong'ona. Nikaanza.

Nimemsalimia Bi Mahbuba. Nimewasalimia wanawe, wake zao, watoto wao, kila mmoja kwa jina. Dada yake wa Unguja. Mume wa dada yake, mguu wake unaendeleaje. Watu wa Bububu. Watu wa Mkunazini. Walioolewa Mombasa. Marehemu nimewarehemu mmoja mmoja. Kisha nikafumba macho, nikalegeza sauti, nikalitoa ombi langu zuri, maneno ya kumlainisha simba. Nilipofumbua macho kibonyezo kishafyatuka chenyewe. Hata mashine ilijua nimemaliza!

Aflah kaipeleka Azaiba jioni. Kaniuliza kuna nini ndani. Nimemwambia salamu tu.

Ijumaa, 8 Machi

Fedheha! Fedheha!

Saeed kanisubiri alasiri nje ya msikiti kunipa khabari, meno yote nje. Kumbe kaalikwa kwa Bi Mahbuba chakula cha mchana, kwa sababu ya ile Queen yake. Walipokwisha kula pilau wakaiweka kaseti yangu, ukumbi umejaa watu. Wakasikiliza salamu. Watoto wakalala. Mtu mmoja akaenda kuosha gari akarudi, nipo bado Mkunazini. Mwisho nikasikika nnasema, "Sasa Bi Mahbuba, la maana hasa nililolikusudia ni kuwa nnataka ku..."

Tap!

Kaseti imekwisha. Upande wa kwanza wote salamu, pahala pa ombi hapakubaki. Maneno yangu ya kumlainisha simba nimewaambia Wajerumani!

Watu wakashikana kwa maneno. Anataka ku-nini? Mwanawe kasema kuhama. Saeed, mwenyewe ananisimulia bila aibu, kasema kukopa. Bi Mahbuba kasema wageuze, labda limeendelea upande wa pili. Wakageuza. Iron Maiden wakatoka na magitaa yao yote kama gari limeanguka kutoka mlimani! Glasi ya juisi ikamwagikia zulia. Bibi mmoja akasoma Ayatul Kursiyyu kwa sauti.

Na Hajar kagundua kaseti yake haipo. Hasemi na mimi. Anasema na bakora yangu, kwa makusudi, nikiwa nimeishika.

Jumatatu, 11 Machi

Hajar kaenda Azaiba kuikomboa kaseti yake, karudi na ujumbe. Bi Mahbuba anasema upande wa kwanza usingizi ulimshika Bububu, ila upande wa pili umempendeza mno, wale wapigaji wana nguvu, ashukuriwe Humam, yaani mimi, kwa zawadi. Zawadi! Nimeshindwa na maiti anacheka!

Lakini kuna zaidi. Kasema kama Humam ana neno, aje Alkhamisi asubuhi kabla hawajaondoka kwenda uwanja wa ndege. Asimame mlangoni, aliseme. Neno moja. Asilete salamu.

Hajar kasema hivi, akaacha kununa. Kanishika bega. Kasema Babu, yule anangoja, usiharibu. Dirisha la upande wa upepo leo nnaliona kubwa kuliko chumba.

Jumatano, 13 Machi

Mazoezi. Hajar kajifanya Bi Mahbuba, kajifunika kanga, kasimama mlango wa jikoni. Nimeanza na khabari ya asubuhi. Kapiga kofi. Panki, Babu! Panki! Wimbo wa panki hauna utangulizi, unaingia mlangoni na viatu. Nimeanza tena. Nimeuliza wazima nyote. Katupa kanga chini. Ati mimi ni progresivu sugu, sina dawa.

Mtoto wa juzi ananifundisha kuposa! Hata hivyo mara ya mwisho nimeweza. Nimesema: nnataka kukuoa. Hajar kaniangalia, macho yamemjaa maji, kasema basi, hivyo hivyo. Yangu pia, nimesingizia kitunguu.

Alkhamisi, 14 Machi

Nimefika Azaiba, kanzu nyeupe, kilemba kipya. Nani kanitangulia? Ndevu nyekundu! Kasimama mlangoni, na kabla viatu vyangu havijagusa kizingiti kashalitoa: Mahbuba, mimi Saeed, nnataka kukuoa. Hivyo! Kavu! Nani kamfundisha panki huyu?

Bi Mahbuba kamtazama toka kilemba mpaka makubadhi. Akasema, "We Saeed, hata hujanisalimia? Mtu anaingia nyumbani kwangu kama mkusanya takataka?" Akamgeuzia mgongo. Oo! Laiti ningekuwa na kaseti ya kurikodi ile!

Ikawa zamu yangu. Hajar kanitumbulia macho kutoka kwenye gari la baba yake. Nimefungua mdomo. Ulimi una neno moja tu, tayari, limelowa. Lakini nimeshaona Saeed alivyovuliwa nguo! Nikasema, Assalaamu alaykum, Bi Mahbuba.

Kaitikia. Tena kaitikia vizuri, kwa kirefu. Kisha, ye mwenyewe, si mimi, kauliza na nyumbani hawajambo? Ntafanyaje? Nimejibu hawajambo, na kwenu? Hawajambo, na Aflah? Hajambo, na mguu wa shemeji Unguja? Unapungua, na wale wa Mombasa? Mwanawe kapiga honi. Tumefika Mkunazini. Kapiga tena. Tumeingia kwa marehemu, huwezi kumkatiza mtu kwa marehemu. Mwana kateremka, kampakia mama yake garini kwa heshima, huku Bi Mahbuba ananiuliza khabari ya shangazi yangu na mimi nnajibu dirishani nnakwenda na gari. Kioo kinapanda, yeye bado ananitazama, kanyanyua nyusi, kama anasema haya, haya.

Nikasema: wasalimie.

Gari likaondoka.

Hajar hakunifokea. Ndiyo mbaya zaidi. Kaniletea maji. Saeed kakaa ukingoni mwa njia, nimemwachia nusu ya glasi, kwa kumsimanga.

Ijumaa, 15 Machi

Nimelala juu ya jambo hili, nimeligundua kosa. Kosa si langu! Kosa ni kaseti. Ilikuwa fupi. Mtu yeyote mwenye akili angeliona tangu mwanzo.

Ndugu wa Enos anasafiri Unguja wiki ijayo. Na Hajar anayo kaseti ya Pink Floyd, ndefu kuliko zote, mtu anaweza kuenea humo na ukoo wake. Tishu nnayo. Scorpions nimewafukuza.

Nimeanza baada ya sala. Wametoka vizuri Bububu, wametoka vizuri Mkunazini. Nimewaongeza wale wa Chake Chake niliowasahau, na ndugu wa Enos mwenyewe, na mwana kwa ile honi nimemsamehe. Upande wa kwanza umejaa. Sasa nnageuza.

Ombi lenyewe nimeliweka mwisho kabisa, pahala pa heshima.