Matanga ya Maalim Taib

Jumanne, 1 Agosti 1967
Mimi bahati nimezaliwa nayo. Hakuna mlango wa Mji wa Kale usionifungukia. Nikiomba, napewa. Hata Karachi nilikofika na meli nililishwa biriani na watu wasionijua! Leo nimekutana na wanafunzi wawili wa usanifu majengo kutoka Nairobi, Eddah na Barnabas. Wanataka kusimamisha kivuli cha muda kwenye kiwanja cha Kibokoni: fito za kupinda, kamba za makumbi, na mikeka thelathini ya majumbani. Bila msumari hata mmoja. Mwalimu wao anakuja Jumamosi saa nne. Asipokikuta kimesimama, Eddah ameanguka, na kwao wameshamwambia hawamsomeshi tena. Nikawaambia mikeka waniachie mimi.

Jumatano, 2 Agosti
Nyumba kumi na moja. Mkeka mmoja, una tundu. Wengine walinijibu toka dirishani, hata ngazi hawakushuka. Bi Mwanakuu alinikumbusha sufuria lake nililoazima mwaka juzi. Nikazunguka kiwanja, nikamfikiria yule binti. Nikarudi kwa Bi Mwanakuu uso nimeukunja. Nikamwambia mjomba wangu, Maalim Taib, amefariki Malindi, wameshamzika, na matanga tutakaa hapa Ijumaa. Akajishika kifua. Wanawe wote walisomeshwa na Maalim alipokuwa akiishi hapa. Kabla ya magharibi nina mikeka thelathini na minne! Nyota yangu hiyo.

Alhamisi, 3 Agosti
Tumefunga kamba kutwa. Yaani wao wamefunga, mimi nimesimamia. Viganja vya Eddah vimechubuka, hakulalamika. Kivuli kimesimama kama mgongo wa samaki mkubwa, upepo unapita ndani. Eddah akauliza mbona wanawake wanaopita wanafuta machozi. Nikamwambia watu wa hapa wanapenda sana majengo.

Ijumaa, 4 Agosti
Baada ya sala watu wakaja. Wengi! Barnabas alichora mishale chini kuonyesha pa kuingilia. Hakuna aliyeitazama. Kila mtu alijua pake pa kukaa. Pilau ikatoka kwa Bi Mwanakuu. Mzee mmoja akasimulia Maalim alivyokuwa akimpitia mwanawe kiziwi kila asubuhi, amshike mkono mpaka chuoni kwake, kusoma Kurani. Sikuyajua hayo. Mjomba wangu mwenyewe, na miaka miwili sijamtia machoni. Nikapangusa chozi, na lilikuwa la kweli.

Saa kumi, mjomba akaingia na mkoba wake. Utingo wa basi la Malindi alimkuta sokoni akinunua samaki, akampa pole ya kifo chake mwenyewe.

Watu wakageuka wote. Kisha Bi Mwanakuu akaanza kuufungua mkeka wake kwenye fito, na wengine wakanyanyuka kudai yao. Eddah kasimama katikati na kipande cha kamba. Nikasema mbele ya wote kwamba uongo ni wangu, binti hana habari. Haikusaidia. Mjomba akavua viatu, akaketi palepale pa wafiwa.

“Wacheni,” akasema. “Matanga ni yangu, na kivuli ni changu. Kitasimama mpaka mwalimu wa binti huyu aje akione.”

Mikeka ikafungwa tena juu. Mimi akaniita karibu, akasema polepole:

“Wamekuja wengi, Kamalu. Sikudhani.”

Nikamtilia pilau kwa mkono wangu. Mimi!

Jumamosi, 5 Agosti
Mwalimu amefika saa nne kasoro. Amemkuta mjomba anakunywa kahawa na wanafunzi wake wa zamani, wengine wana mvi. Akauliza Eddah amewezaje kuwaingiza wenyeji ndani kwa siku moja. Eddah akaeleza yote, hakuficha hata machozi ya wanawake. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akakaa chini ya mikeka, akipapasa mafundo ya kamba. Amempitisha. Mjomba ana mialiko ya nyumba tatu. Mimi nimerudisha mikeka kichwani, safari tisa. Bi Mwanakuu kauliza sufuria.

Jumatatu, 7 Agosti
Barnabas naye anataka kujenga. Madebe mia mbili. Nimemwambia aniachie mimi. Nina shangazi Lamu, mtu anayependwa sana, na miguu inamsumbua, basi hawezi kupanda.

Ile bahati niliyoiandika Jumanne ni uongo. Milango ilimfungukia Maalim. Kwa jina langu nilipata mkeka mmoja, una tundu.